Huku kitochi kiliuzwa dola 299

Watu wa hapa New York wamechoshwa na simu zao hadi wanatoa hela kununua simu isiyoweza mengi. Kampuni ya Light, ya Brooklyn, ilitoa Light Phone II mwaka 2019: kupiga, meseji, alamu na vikorombwezo vichache. Hakuna kuperuzi, hakuna mitandao ya kijamii. Bei yake imewahi kuwa dola 299. Kariakoo tunakiita kitochi, na tochi yenyewe unapewa.

Siwacheki. Aza Raskin, aliyebuni mwaka 2006 ule ukurasa unaoteremka bila kufika mwisho, amekwisha kujuta hadharani. Mwaka 2018 Apple na Google wakaleta vifaa vya kupima na kubana muda wa simu, nami navitumia. Ila vimebuniwa kwa mtu asiyetafutwa na wengi. Huku ukinyamazisha simu saa tatu asubuhi hakuna anayeshangaa. Watu wanaandikiana kwanza kuomba ruhusa ya kupiga. Jaribu hivyo ukiwa Tanga. Shangazi akipiga mara mbili hupokei, ya tatu anampigia jirani yako. Na huenda ni msiba, au fundi yuko dukani anangoja hela ya saruji. Kule nyumbani simu ikilia, mara nyingi kuna mtu anayekutafuta. Yangu huku ikilia, ni programu inataka niifungue.

Kwa hiyo wabunifu wa Dar na Nairobi wasinakili makufuli ya huku. Mfano wanao: menyu ya M-Pesa ya Vodacom Tanzania, *150*00#. Unachagua kutuma pesa, unaweka namba, kiasi, namba ya siri, imekwisha. Ukizubaa inakukatia. Haikubuniwa kulinda akili ya mtu, mfumo wenyewe ndio mfinyu, lakini sijamwona aliyeingia humo kutuma elfu kumi akapotelea nusu saa. Sasa programu za pesa za simu janja zinabandika mikopo na matangazo ukurasa wa mbele. Hapo ndipo ningeanza kubomoa. Mtu akishapata risiti, aachwe aende zake. Na mlio wa shangazi usifanane na mlio wa tangazo.

Halafu kuna mabando ya saa 24, ambayo wabunifu hawawezi kuyagusa. Zikibaki MB 300 saa nne usiku na kesho hazipo, nani atalala bila kuzimaliza?