Unasali saa ngapi?

Wakristo wa Tanzania wakikutana kwa mara ya kwanza, kwenye basi la mkoani au kwenye foleni ya hospitali, swali halichelewi: "Unasali wapi?" Maana yake ni dhehebu gani, usharika gani, mtumishi gani. Katika umri wangu wote sijaulizwa na Mkristo mwenzangu nasali saa ngapi. Jirani yangu Mwislamu swali hilo lisingemshangaza, saa zake zinajulikana mtaa mzima. Kwetu sisi kusali kumekuwa mahali pa kwenda.

Nililiwaza hili kwenye semina moja ya vijana, mhubiri aliposema kwamba mtu anayesali Baba Yetu asubuhi na jioni "anasoma shairi, haombi." Ukumbi ulicheka. Kijana niliyekaa naye, mwanafunzi wa chuo aliyelelewa kwa Wamoravian, aliniinamia akasema mama yake amelisoma hilo shairi miaka arobaini. Yeye hakucheka.

Hoja ya mhubiri si ya kijinga, na ina ukoo unaoheshimika. Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukashika Uganda na kuvuka kuja Bukoba na Kenya, ndio uliotupa hili neno walokole, kutoka balokole wa Waganda, yaani waliookoka. Watu wale walitoka ndani ya makanisa yenye vitabu vya sala. Waliwaona waumini wakitubu kila Jumapili kwa maneno yale yale, na Jumatatu wakirudi kwenye hawara na mizani ya uongo. Dawa yao ilikuwa kali: simama, itaje dhambi yako kwa jina lake, kwa kinywa chako. Hakuna kitabu cha sala chenye ukurasa wa "niliiba debe la kahawa la jirani." Na mama asiyejua kusoma, ambaye kanisani kazi yake ilikuwa kuitikia tu, akapata kusimama na kusema na Mungu kwa lugha ya nyumbani kwake, watu wakanyamaza kumsikiliza. Hilo si jambo dogo.

Mkesha nao usiudharau. Yesu anasema ingia katika chumba chako cha ndani, funga mlango. Mtu anayeishi na mke na watoto wanne katika chumba kimoja cha kupanga, chumba cha ndani atakitoa wapi? Kwenye mkesha wa Ijumaa, katikati ya kelele za watu mia tatu, anaweza kulia kwa sauti na asiulizwe na mtu kulikoni. Huenda hapo ndipo mahali pekee penye faragha alipo napo.

Ninapoachana na mhubiri ni pale alipofungua Mathayo 6:7 kuthibitisha hoja yake: "msipayuke-payuke, kama watu wa mataifa." Aliusoma mstari kana kwamba umeandikwa msirudie-rudie. Haukuandikwa hivyo. Kila anayezungumza Kiswahili anajua kupayuka ni nini: ni kuropoka, ulimi umetangulia akili. Na sababu inatolewa papo hapo, kwamba watu hao wanadhani watasikiwa "kwa sababu ya maneno yao kuwa mengi." Mengi, hakusema yale yale. Mistari miwili mbele Yesu anawapa wanafunzi sala yenyewe, na ni fupi. Wapo wasemao ule ni mfano tu wa namna ya kuomba, na Mathayo peke yake anaweza kusomwa hivyo, lakini kwa Luka imeandikwa, "Msalipo, semeni." Halafu kuna Gethsemane: aliomba mara ya tatu, "akisema maneno yale yale." Msalabani, pumzi ikimwishia, alilia kwa maneno ya Zaburi ya 22, ambayo kila Myahudi aliyelelewa kwa zaburi aliyajua. Kama hilo ni kusoma shairi, basi alilisoma yeye kwanza.

Sasa nije kwenye hesabu, maana imenikaa kichwani siku nyingi. Lipo andiko la Wakristo wa mwanzo kabisa liitwalo Didake, yaani Mafundisho, ambalo wataalamu wengi huliweka mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili. Linaitoa Sala ya Bwana, kisha linaagiza: salini hivi mara tatu kwa siku. (Andiko hilo hilo, sura chache mbele, linasema manabii waachwe washukuru kadiri wapendavyo. Kumbe pande zote mbili zilikuwepo tangu hapo, zikikaa katika ukurasa wa jirani bila kugombana.)

Nimeisali sala ile kwa utulivu nikiwa na saa ya simu mkononi. Ni nusu dakika. Mara tatu kwa siku ni dakika moja na nusu. Kwa mwaka mzima ni saa tisa na dakika chache. Mkesha ukianza saa tatu usiku na kuisha saa kumi na moja alfajiri ni saa nane. Kwa hiyo mtu aliyetii agizo lile la zamani mwaka mzima amesali muda wa mkesha mmoja na chenji kidogo.

Mara ya kwanza hesabu hiyo ilinitia aibu kwa niaba ya upande wangu, wa sala zilizoandikwa. Mwaka mzima, mkesha mmoja! Lakini nikaigeuza. Mkesha unamkuta mtu katika hali moja: ameoga, amejiandaa, ameacha simu na ugomvi nyumbani. Zile nusu dakika zinamkuta mara 1,095, na hazimkuti popote alipojiandaa. Zinamkuta mtoto ana homa, mshahara umechelewa, mshahara umeingia, amegombana na mkewe, amepandishwa cheo na mwenzake ameachwa. Na kila mara zinamlazimisha kusema jambo asilokuja nalo.

Marehemu baba yangu alikuwa na kiduka. Kabla ya kuondoa ubao wa dirisha asubuhi alisimama nyuma ya kaunta na kusali Baba Yetu kwa sauti, sisi watoto tukisubiri peremende. Daftari la wanaokopa lilikuwa hapo mbele yake, lile refu lenye jalada jeusi, na kalamu imefungwa kwa uzi. Akifika "utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu," alipunguza mwendo. Siku nyingine alinyamaza kabisa, nikadhani amesahau, nikamkumbushia. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa amesahau. Sijui alifuta madeni ya wangapi, na daftari lenyewe liliisha kwa kufungia karanga. Ninachojua ni kwamba mimi, katika miaka yangu yote ya kuomba kwa maneno yangu mwenyewe, nimeomba kazi, nimeomba mke, nimeomba kiwanja kisiwe na kesi. Sijawahi hata siku moja kujitungia ombi la kumsamehe ninayemdai. Ombi hilo huja kwa sababu tu lilishaandikwa, nami siwezi kuliruka.

Nakubali hesabu yangu ina hila. Wakeshaji wengi husali pia nyumbani kila siku, na baadhi yao wananipita mbali. Luka anaandika kwamba Yesu mwenyewe alikesha usiku kucha mlimani. Na Mungu hakai na saa ya mkononi.

Upande wangu nao una uozo wake, na aliyeusema vizuri kuliko walokole wote ni Martin Luther, mwanzilishi wa Matengenezo ya Kanisa. Mwaka 1535 alimwandikia kinyozi wake, Peter, kijitabu kifupi cha namna ya kusali. Humo anasema Sala ya Bwana ni mfiadini mkubwa kuliko wote duniani, kwa kuwa kila mtu anaitesa. Kisha anamrudishia kinyozi ufundi wake: kinyozi mzuri hukaza macho kwenye wembe na nywele, na akianza porojo atamkata mteja pua. Anayeketi kwenye kiti cha kinyozi wa mtaani kwetu huku mpira ukionyeshwa kwenye luninga ukutani anaelewa mara moja.

Sisi wa makanisa ya liturujia, yaani ya ibada iliyopangwa na kuandikwa, tumetesa sana sala hiyo. Kipaimara nilikipata kwa kukariri. Mwalimu alisikiliza kama neno limerukwa, fimbo ikiwa karibu, na maana haikuulizwa. Mtoto aliyefundishwa hivyo akienda mjini na kumsikia mtu anamwambia Mungu "nisaidie, nimeshindwa," ataona amekuta maji baada ya kiangazi. Hatuna haki ya kumlaumu aliyemnywesha.

Luther huyo huyo katika Katekisimo Ndogo ya 1529, kitabu chake kifupi cha mafundisho ya imani, aliweka sala fupi ya jioni na agizo baada yake: ukimaliza, lala mara moja kwa furaha. Nalipenda agizo hilo. Dereva wa lori na muuguzi wa zamu ya asubuhi wanahitaji kuambiwa kwamba kulala baada ya kumkabidhi Mungu siku yao si uvivu wa kiroho.

Mwaka jana tulikuwa kwenye msiba wa jirani, usiku wa pili, chini ya turubai. Mchungaji alikuwa hajafika. Rafiki wa marehemu, mlokole mwenye kipawa cha maombi kinachojulikana mtaani, akaombwa atuongoze. Alianza vizuri. Alipofika kwenye jina la marehemu sauti ikakatika. Akajaribu tena, ikakatika. Tukakaa kimya, jenereta ikinguruma.

Upande wa akina mama, waliokuwa wanachambua mchele, sauti moja ya kizee ikaanza: "Baba yetu uliye mbinguni." Tukaingia wote, na kama kawaida ya misiba yetu tukagongana njiani. Wakatoliki wakasema "ufalme wako ufike," sisi tukasema "uje." Wao wakaomba "mkate wetu wa kila siku," sisi "riziki yetu," tukamaliza mapema tukawasubiri. Wao "utuopoe maovuni," sisi "utuokoe na yule mwovu." Kuopoa ni kukitoa kilichozama, kama ndoo iliyoachia kamba ikadondoka kisimani. Nilikuwa nimelisikia neno hilo mara elfu kwenye misiba, nikalisikia usiku ule.

Wakatoliki wakasema amina wakanyamaza. Sisi wengine tukaendelea na "kwa kuwa ufalme ni wako," na hapo nikamsikia yule rafiki wa marehemu nyuma yangu, sauti imerudi, anakwenda nasi neno kwa neno mpaka "hata milele."