Nilivyoshangilia Sifuri

"Sifuri nyingine, kijana wangu," alisema Mzee aliyekuwa akiniandikia kadi, kwa sauti ya mtu anayeleta taarifa ya msiba.

"Tunamshukuru Mungu, Mzee," nikamjibu.

Handikapu ya gofu, ile namba ya mikwaju ya bure anayopewa mchezaji kulingana na uwezo wake, nilikuwa nimeipata juzijuzi tu, baada ya kurudisha kadi tatu za mashimo 18, yaani yale mashimo 54 yanayotakiwa kabla hujapewa namba. Kadi zote tatu zilihesabiwa kwa mikwaju, na kwenye mikwaju mwenye hesabu ndogo ndiye bingwa. Akili yangu ikatia nanga hapo. Siku ya mashindano, kwenye kiwanja cha kando ya ziwa hapa Mwanza, wakatangaza kwamba leo ni Stableford, tunahesabu pointi. Kwenye kadi yangu wakaandika 24. Sikuuliza kitu. Mtu mzima unaanzaje kuuliza mbele ya watu waliovaa glavu?

Shimo la kwanza lilikuwa pa 4, yaani mchezaji mzuri anatarajiwa kulimaliza kwa mikwaju minne, na lilikuwa namba 9 kwa ugumu. Handikapu 24 maana yake unapewa mkwaju mmoja kila shimo, hiyo 18, na sita zinazobaki zinaongezwa kwenye mashimo magumu zaidi, namba 1 hadi 6. Kwa hiyo pale nilikuwa na mmoja wa bure. Ukitumia mitano inahesabiwa minne, hiyo ni pa, pointi 2. Ukitumia sita, pointi 1. Mkwaju wa sita usipoingia huna chako tena: okota mpira, tia mfukoni, wapishe wenzako. Ndiyo raha ya mtindo huu. Ulichezwa kwenye mashindano mwaka 1932 huko Wallasey, Uingereza, kiwanja cha pwani, na Dkt. Frank Stableford aliubuni ili shimo moja baya lisimharibie mtu siku nzima. Ukishapigwa na upepo wa mchana wa ziwa letu, utamwombea dua.

Mimi sikuokota. Nilipiga hadi wa tisa, jasho linanichuruzika.

"Bosi, okota tu," kedi wangu, kijana anayenibebea fimbo, akaninong'oneza.

"Mimi si mtu wa kukata tamaa, mdogo wangu."

Nyuma yetu kundi la pili lilikuwa limeshakaa chini.

Shimo la tano, pa 5, mpira uligonga jiwe ukarudi nyuma yangu. Mawe ya Mwanza hayana rafiki. Mikwaju 11, sifuri. Nikakunja ngumi kwa furaha. Mzee akanitazama kwa muda, kisha akatazama ziwa.

Balaa likanikuta shimo la saba, pa 4, namba 3 kwa ugumu. Mkwaju wa pili niliupiga vibaya, ukadunda juu ya jiwe, ukapaa, ukatua katikati ya grini, zile nyasi fupi zenye shimo. Kongoti aliyekuwa amesimama pale akasogea kando kwa adabu, kama mzee wa kanisa. Nikausukuma taratibu mara mbili, mpira ndani. Mikwaju minne, toa miwili ya bure, inabaki miwili: mbili chini ya pa. Pointi 4!

Mzee akanikumbatia. "Nne, kijana wangu! Nne!"

"Nisamehe, Mzee," nikasema. "Nimeteleza. Haitajirudia."

Na kweli haikujirudia. Nikamaliza na pointi 17, wakati anayecheza sawasawa na handikapu yake hupata 36. Nilipochungulia kadi za wenzangu na kuona thelathini na kitu, nikawahi jikoni kuagiza sato sita wakubwa na ugali kwa meza nzima. Bingwa hali peke yake.

Mtangazaji akaanza. "Wa tatu, pointi 34." Nikapiga makofi. "Wa pili, 35." Nikaona kumbe wanaanzia mkiani. "Pointi 38!" Jamaa akainuka, nami nikampigia makofi ya huruma, maskini, wamemwanika hadharani. Wakampa kikombe. Nikasema moyoni, hawa watu wana roho nzuri, wanamfariji.

Mtangazaji akakunja karatasi yake. Nikabaki nimesimama, shati nimeshalichomekea vizuri.

"Bosi, unasubiri nini?" kedi akauliza.

"Jina langu."

Akaichukua kadi, akaisoma, akanitazama kwa huruma. "Bosi, leo kubwa ndiyo inashinda."

Mhudumu akatokea na sinia. "Sato wa bingwa niwaweke wapi?"

Nikamwonyesha meza ya yule wa 38. Bili akaniletea mimi.