Koti la Rangi ya Machungwa

Mke wangu akisoma haya, ajue kwamba samaki tulinunua kweli. Mengine nitamweleza tukishazeeka.

Mimi ni mtoto wa Changamwe, naishi Manchester, na nina maradhi yasiyo na dawa: napenda kupiga picha treni za mizigo. Za abiria sizitaki. Nataka injini za dizeli zinazonguruma mpaka kifua kikatikisika, nyuma yake mabehewa ishirini ya kokoto, yamejaa vumbi na kutu. Wazungu wenye maradhi haya wamezoeleka huku. Wako wazee wanaojua nambari za injini kuliko majina ya wajukuu zao. Lakini Mswahili? Nikimwambia mtu wa kwetu kwamba Jumamosi nilisimama mvuani masaa matatu kungojea mabehewa matupu, huniuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuna amani.

Na kungoja kwenyewe ni kamari. Treni nyingi za mizigo ziko kwenye ratiba lakini zimeandikwa kuwa zitatembea zikihitajika tu, na ziking'amuliwa kuwa hazihitajiki, wewe uliyeamka alfajiri hakuna anayekuomba radhi. Kila treni ina nambari yake. Ikianza na 6, ni mizigo ya mwendo wa maili 60 kwa saa. Ikianza na 4, ni ya maili 75, aghalabu makontena. Ikianza na 0, injini inakuja peke yake. Niliwahi kungojea mabehewa ya saruji asubuhi nzima, ikanitokea 0: injini tupu, kama bwana arusi anayerudi kwao bila bibi arusi.

Halafu ikitokea, mara nyingi injini yenyewe ni ya aina ya 66. Hizi zilianza kuletwa mwaka 1998, na karibu zote zimetengenezwa London, ila si London ya Uingereza, ni London ya Ontario, Kanada. Mashabiki wanaziita Banda, kwa ajili ya paa lake. Zimetapakaa nchi nzima. Ukionyesha picha ya 66 hakuna anayekupongeza. Ni kama kupiga picha kunguru Mombasa.

Injini ya aina ya 37 ndiyo habari nyingine. Ilianza kutoka kiwandani mwaka 1960, kampuni ya English Electric, zikaundwa 309, na zilizobaki zikifanya kazi leo ni za kuhesabu. Ina pua ndefu mbele, na mlio wake umeipa jina la Trekta. Mimi mlio huo naujua tangu utotoni, kupitia kinywa cha Mjomba.

Mjomba alikuwa gadi wa treni. Alianza kazi East African Railways mwaka 1969, jumuiya ikavunjika 1977 akabaki na reli ya Kenya, akastaafu baada ya miaka 31. Injini alizozipenda kuliko zote zilikuwa zile za aina ya 90, ambazo baadaye zilibandikwa nambari 87, nazo ni za English Electric pia, damu moja na 37. Tukiwa wadogo alikuwa akituigia inavyopanda mlima kutoka Nakuru, mate yanaruka, shangazi analalamika. Lakini gadi hukaa behewa la mwisho. "Miaka thelathini na moja," alikuwa akisema, "nimeishi na treni mgongoni kwake. Uso wake nauona ikishasimama."

Basi Oktoba moja Mjomba akaja kututembelea wiki tatu. Maduka makubwa yalimchosha siku ya pili. Nikampeleka Newton-le-Willows, mwendo mfupi tu kutoka kwetu, mahali kilipokuwa kiwanda cha Vulcan Foundry kilichounda zile 90 zake. Tulikuta nyumba. Mtaa mzima wa nyumba mpya, na mama mmoja anaanika nguo. Mjomba alivua kofia, akasimama kama mtu aliyefika matanga na kukuta watu washatawanyika. Njia nzima ya kurudi hakusema neno.

Ndiyo sababu, nilipoona kwenye simu kwamba Jumamosi ile 37 ingepita Chinley, kule Derbyshire, ikivuta mabehewa matupu ya kokoto, nilijua la kufanya. Kizuizi kilikuwa kimoja. Mke wangu alikuwa anakwenda Sheffield kumwona rafiki yake aliyejifungua, na kabla ya kutoka alininyooshea kidole: "Mnunue samaki. Na usimpeleke mzee wa watu kwenye mareli yako akafe kwa baridi."

Nikasema, "Samaki tu."

Chinley upepo unakata. Tulisimama kwenye njia ya wapita njia, upande wetu wa uzio, kila kitu kwa mujibu wa sheria. Mjomba alikuwa amevaa suti yake ya kijivu na kikoi shingoni, na midomo imeanza kugeuka rangi. Nikakumbuka koti langu la kazini lililokuwa kwenye buti. Mimi nafanya kazi ghala, na koti la ghala letu ni zito, lina kofia, lina mistari inayong'aa, na ni la rangi ya machungwa iliyokoza.

Sasa, maelekezo ya reli kwa wapiga picha yanasema wazi: usivae nguo inayofanana na ya wafanyakazi wa reli, utamchanganya dereva. Nilikuwa najua. Naapa nilikuwa najua. Lakini mjomba wako anatetemeka mbele yako, utamsomea kanuni?

Palikuwa na wazee wawili wa Kizungu wenye ngazi ndogo na themosi, wamepanga kamera zao kama wanaongojea kutangaza vita. Mmoja alimtazama Mjomba, akanitazama mimi, akasema, "Koti hilo linaonekana vizuri sana."

Nikamwambia asante.

Miaka kumi na mbili naishi nchi hii na bado naingia mtego uleule. Mwingereza hakukatazi. Anakusifu, kisha anangoja ujirekebishe.

Kwanza ikapita 66, kunguru wangu, na mabehewa ya mawe. Dereva aliona koti, akapiga honi. Mjomba, bila kufikiri, akanyoosha mkono mmoja juu na kuushikilia hapo mpaka injini ikapita. "Umeona?" akaniambia, macho yanang'aa. "Mfanyakazi wa reli akipigiwa honi anajibu kwa mkono mmoja. Maana yake nimekusikia, pita salama. Na huyu dereva amenitambua." Alijiweka sawa kola. Baridi ilishamtoka.

Nilipaswa kumvua koti pale pale. Badala yake nilimmiminia chai.

37 huisikii kwa masikio kwanza, unaisikia kwa magoti. Mngurumo ulitokea upande wa Manchester, mzito, wenye kukohoa kidogo mwishoni, na Mjomba akaangusha kikombe. "Ni yeye," alisema. Wala hakusema "ni hiyo". Pua ya manjano ikatokeza kwenye kona, moshi juu yake, mabehewa yanafuata kama kondoo. Nikapiga magoti, jicho kwenye kamera, kidole tayari. Mwanga ulikuwa umepasua mawingu dakika ile ile. Kwa mpiga picha wa treni hiyo ni bahati ya mara moja kwa mwaka.

Na Mjomba, aliyengoja miaka hamsini kuuona uso wa treni ikimjia, akainua mikono yote miwili.

Nilisikia kwanza ile pumzi ya hewa ya breki, kisha vyuma vikaanza kulia, behewa moja baada ya jingine, mpaka bonde zima likawa linapiga yowe. Treni haisimami kama matatu. Injini ilitupita polepole, dereva ametoa macho, ikaendelea kujiburuta, ikaingia nyuma ya miti, na huko, mahali ambapo hakuna kamera duniani ingeifikia, ikasimama. Mbele yetu likabaki behewa moja la kutu, limetulia tuli.

Kimya. Mjomba aliteremsha mkono mmoja. Akangoja kidogo, akateremsha wa pili.

Mzee mmoja wa Kizungu alitazama kioo cha kamera yake, akatabasamu. Treni ilikuwa imempitia taratibu, kwenye jua. "Ajabu ya picha," alimwambia mwenzake. Kisha wakakunja ngazi yao bila haraka yoyote na kuondoka, kama watu waliokumbuka kwamba wameacha chungu jikoni.

Dereva akishasimamishwa hivyo humwita mwongoza ishara kwa redio, naye husimamisha treni nyingine za eneo lile, pande zote, mpaka ijulikane kuna nini. Hilo nalijua kwa sababu dakika tano baadaye simu yangu ilitetemeka. Mke wangu.

"Tumekwama karibu na Chinley. Wanasema kuna mtu kando ya reli. Mwendawazimu bila shaka. Mmepata samaki?"

Vidole viliganda. Nikamjibu: "Tunachagua."

Bwana wa reli alifika kwa gari, amevaa koti la rangi ya machungwa. Akaenda moja kwa moja kwa Mjomba, akampa mkono, akamuuliza yuko kikosi gani. Mjomba alifurahi sana kwa swali hilo, na pale ndipo nilipoelewa kwamba mambo yatazidi kuharibika. Polisi wawili wa reli walifika nyuma yake. Nikaanza kutafsiri kwa ulimi mzito: mzee ni mgeni, mzee ni mstaafu, mzee alikuwa anashangilia tu kama anavyoshangiliwa mchezaji mpira.

Askari wa kike, mpole kabisa, akamgeukia. "Kule kwenu, mtu wa reli akiinua mikono miwili, maana yake nini?"

Nilifungua mdomo nitafsiri. Mjomba alinizuia kwa kidole, akasimama wima, akajibu kwa Kiingereza cha mtihani wa gadi wa mwaka 1969, sauti inasikika mpaka kituoni:

"Hatari, madam! Simamisha treni!"

Alisubiri apewe alama.

Askari aliandika kwa muda mrefu. Bwana wa reli alitazama milima. Tulipewa onyo, tukaandikwa majina, na nikaelezwa habari ya koti kwa maneno ambayo safari hii hayakuwa ya sifa hata kidogo. Huku kila dakika ya kuchelewa kwa treni huandikwa na kutafutiwa mwenyewe, kwa hiyo mahali fulani ndani ya kompyuta ziko dakika za Mjomba wangu, zimehifadhiwa vizuri kuliko pensheni yake.

Kufika mjini, muuza samaki alikuwa ameshafunga. Tukaingia dukani tukanunua vile vidole vya samaki vya pakiti, vilivyopakwa unga na kugandishwa. Mtu aliyelelewa na changu na tasi alivigeuza mkononi, akauliza kichwa kiko wapi.

Usiku, mezani, mke wangu alikuwa bado anafoka. Dakika arobaini ndani ya treni, mtoto wa jirani yake analia, wamepitia Chinley gizagiza hivi. "Na ati ni mzee! Abiria mmoja amesikia. Mzee mzima, kavaa koti la kazi, kasimama kando ya reli anapunga mikono. Hana watu wa kumwangalia?"

"Dunia imeharibika," alisema Mjomba, akimega ugali.

Mke wangu alipoingia jikoni kufuata pilipili, Mjomba alinisogelea mpaka nikasikia harufu ya kahawa.

"Picha lakini ulipata?"

"Sikupata, Mjomba. Mikono yako ilikuwa mbele."

Aliweka tonge chini, akanitazama kama ninavyotazamwa na msimamizi wangu ghalani.

"Treni nzima, mwanangu. Treni nzima nimekusimamishia, na picha hukupata?"