Koo za polo na wale wasiotajwa

Ukitaja polo, ule mchezo wa kupiga mpira kwa fimbo ndefu ukiwa juu ya farasi, watu wengi wanawaza matajiri na shampeni tu, afu stori inaishia hapo. Mi naona wanakosa uhondo wote, maana huu mchezo ni mambo ya ukoo, mtoto anapanda farasi kabla hajajua kusoma, na fimbo anafundishwa na baba au babu.

Nenda Argentina uone. Timu ya Coronel Suárez ilikuwa na Juan Carlos Harriott na mdogo wake Alfredo, pamoja na Horacio na Alberto Heguy ambao nao ni ndugu, na mwaka 1975 wote wanne walikuwa na handikapu (alama ya kiwango cha mchezaji) ya 10, yaani juu kabisa, na handikapu zenyewe zinaanzia -2 kwa hiyo unaweza kupiga picha timu yenye jumla ya 40 ikoje. Juan Carlos alibeba Open ya Argentina, mashindano makubwa ya kule, mara 20. Halafu wakaja watoto wa Heguy, wanne wa Horacio wakaunda Indios Chapaleufú, watatu wa Alberto wakaunda Chapaleufú II, mabinamu wakawa wanagombea kombe lilelile na timu zote mbili zimeshalichukua! Hata nyota Adolfo Cambiaso amecheza na mwanae Poroto. Hakuna mchezo mwingine unaonipa raha ya namna hii.

Na Argentina yenyewe iliupokea kutoka kwa Waingereza miaka ya 1870, Waingereza nao waliujua Manipur, kule kaskazini mashariki mwa India, ambako watu walikuwa wakicheza saba kwa saba juu ya farasi wadogo, na kutokana na hapo ikaanzishwa klabu ya Silchar mwaka 1859. Nyuma zaidi kuna Uajemi, pale uwanja wa Isfahan nguzo za mawe za goli bado zimesimama. Sultani wa Delhi, Qutb-ud-din Aibak, alifia mchezoni Lahore mwaka 1210, alianguka na farasi wake.

Ila kuna ukoo mwingine humu ndani ambao haupewi heshima yake, nao ni wa farasi. Wengi wanaochezwa ni majike, na mchezaji wa kweli atakutajia mama na bibi wa farasi wake bila kusita. Cambiaso alikuwa na jike lake Cuartetera, wakachukua seli wakatengeneza nakala zake maabara, na fainali ya Open ya mwaka 2016 akapanda nakala sita za jike hilohilo mmoja. Sijui watu wengine wanaonaje, mimi sijapendezwa sana, uzuri wa kuzalisha farasi ni kusubiri miaka uone mtoto atafanana na nani.

Sasa hapa ndo roho inaniuma. Wanaowatunza hao farasi, kule Argentina wanawaita petisero, ndo wanaoamka alfajiri kulisha, wananyoa shingo, wanasuka mkia na kuukunja juu ili fimbo isinase, wanafunga bendeji miguu yote minne, wanajua yupi anaumwa kabla hata daktari hajafika. Angalia mwisho wa chaka, yaani kipindi kimoja cha mchezo, zile dakika saba zikiisha mchezaji anakuja mbio, petisero tayari ameshika farasi mwingine, jamaa anaruka kutoka tandiko hadi tandiko na kurudi uwanjani, yule wa chini anabaki na farasi anayetiririka jasho, anamtembeza taratibu apoe. Ile Open ya Argentina, inayochezwa Palermo, ina chaka nane, kwa hiyo piga hesabu ya kazi hiyo. Na wengi wao nao wamefundishwa na baba zao, kwenye mashamba yaleyale, kwa familia zilezile za wachezaji.

Tukihesabu vizazi vya polo basi na hao tuwahesabu. Orodha ya timu ikitoka na majina ya farasi, jina la petisero liandikwe palepale pembeni, kwa maandishi ya ukubwa uleule.