Mashine ya makasia inataka timu

Katika jimu nyingi mashine ya kupiga makasia imesukumwa pembeni, na watu huikalia dakika tano za kupasha mwili kabla ya kwenda kwenye vyuma. Naona tunapoteza mengi. Kupiga makasia ndani ya jengo ni mchezo kamili wenye mashindano na rekodi zake za dunia, na utamu wake uko kwenye timu. Wanaoniambia mashine ile inachosha nawauliza kwanza: mlikuwa wangapi?

Najua swali linalofuata. Timu ya nini, ikiwa kila mtu ana kiti chake, mpini wake na skrini yake?

Sisi hukutana alfajiri huku Lowell, Massachusetts, Marekani, mji wenye Wakenya wengi. Baadhi yetu ndio kwanza wanatoka kazini, maana ni wauguzi wa zamu ya usiku. Kocha anazipanga mashine sambamba, anamweka mbele mtu ambaye mwendo wake hauyumbi, na wengine wote tunamfuata. Tunavuta mara 20 kwa dakika, polepole, muda mrefu. Baada ya kitambo magurudumu ya feni yanayozungushwa na mivuto yetu yote yanavuma pamoja na kutulia pamoja. Waliokulia kijijini wanaujua mdundo huo: wanawake watatu, michi mitatu, kinu kimoja. Anayechelewa hahitaji kuambiwa, anajisikia mwenyewe. Zipo hata reli ndogo za kuwekwa chini ya mashine na kuziunganisha, zikawa zinakwenda mbele na nyuma kama kitu kimoja. Hapo ukikurupuka, mwenzako wa nyuma anaupata mshtuko wako mwilini mwake.

Mgeni akija, kitu cha kwanza ni kuushusha ule wenzo wa pembeni alioupandisha hadi 10. Watu wengi hudhani namba kubwa ndiyo mazoezi makubwa. Wenzo ule unaamua tu hewa kiasi gani iingie kwenye gurudumu. Hewa ikizidi, gurudumu linapoteza mwendo haraka na kila mvuto unakuwa mzito mgongoni. Skrini inapima jinsi gurudumu linavyopungua mwendo na kukokotoa kazi uliyofanya kweli, kwa hiyo namba kubwa haikupi mita za bure. Wengi wetu tunabaki kati ya 3 na 5. Halafu yanakuja mafunzo ya mpangilio: sukuma kwa miguu, fungua mgongo, mikono imalizie. Ukirudi, mikono inatangulia. Jambo hili mtu hajifunzi vizuri peke yake, kwa sababu mgongo wake haoni.

Mashindano yanayotukusanya majira ya baridi ni C.R.A.S.H.-B. ya Boston. Yalianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na wapiga makasia wa timu za taifa za Marekani, baada ya nchi yao kususia Olimpiki ya Moscow, wakitafuta cha kuwachangamsha wakati wa baridi kali. Mshindi hupewa nyundo. Umbali ni mita 2000, na hizo mita 2000 ndizo zinazonifanya nisisitize habari ya timu.

Angalia hesabu yake. Kasi husomwa kwa muda wa kila mita 500. Ukienda dakika 2:00 kwa mita 500, unatoa takriban wati 203, na mbio nzima unaimaliza kwa dakika 8. Ukitaka 1:50, unahitaji takriban wati 263. Umepunguza sekunde kumi tu, lakini nguvu imepanda kwa asilimia 30, kwa sababu upinzani wa hewa haupandi sawa kwa sawa na kasi. Ndiyo maana anayeanza kwa pupa, akisukumwa na kelele za ukumbini, hufika mita 1200 miguu imejaa moto na hana pa kuchota tena. Unaruhusiwa kuwa na mtu nyuma ya kiti chako. Mwenzako anayekujua atakwambia "tulia hapo hapo" wakati kichwa chako kinataka kukimbia, na "sasa" wakati kichwa hicho kinataka kuacha. Mwaka 2018 Josh Dunkley-Smith wa Australia aliweka rekodi ya dunia ya wanaume ya dakika 5:35.8. Ni jambo la kustaajabisha, lakini mashindano haya hayakuwekwa kwa ajili ya watu wa aina yake pekee. Kuna makundi ya umri hadi wazee wa miaka 80 na zaidi, na kundi la uzito mwepesi: wanaume wasiozidi kilo 75, wanawake wasiozidi kilo 61.5.

Ninachokipenda kuliko vyote ni mbio za kupokezana, watu wanne kwa mashine moja. Hakuna muda wa kufunga mikanda ya miguu, basi wenzako wanapiga magoti na kukushikilia miguu unapovuta. Mama wa miaka hamsini na kijana wa chuo wanaachiana mpini ule ule, na mita za kila mmoja zinaingia kwenye jumla moja.

Nyumbani nako makasia si mchezo wa wageni tena. Kwenye michezo ya Tokyo, Kathleen Noble aliipigia makasia Uganda katika Olimpiki, na Asiya Sururu wa Mombasa akaiwakilisha Kenya katika Paralimpiki. Mashua ya mashindano ni ghali na inataka maji tulivu. Mashine inataka sakafu tu, na jimu kadhaa za Nairobi na Dar es Salaam tayari zinazo.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye jimu ni dogo. Zitoeni mashine ukutani, zipangeni sambamba, tengeni dakika sitini za alfajiri mara mbili kwa wiki na mtu anayejua mbinu. Kisha tangazeni tarehe ya mbio za kupokezana na mbandike majina ya timu mlangoni.