Kanuni ikitugusa tupewe rasimu kwanza, tusisubiri mpaka tupige kelele

Novemba 2018 mama alinipigia simu, huku Ohio saa tatu usiku na kwake Tanzania saa kumi na moja alfajiri, nikajua kuna kitu maana mama hapigi saa hizo. Alikuwa amebakiza miezi saba astaafu, mwalimu wa shule ya msingi miaka 34, na mwalimu mwenzake alikuwa ametumiwa kwenye grupu la WhatsApp kwamba mkupuo, ile sehemu ya pensheni unayopewa mara moja ukistaafu, sasa ni asilimia 25, siyo 50 tena, nyingine utalipwa kidogo kidogo kila mwezi mpaka ufe. Mama alikuwa ameshapiga hesabu zake zote kwa 50, mabati, madirisha, kisima, na mdogo wangu wa mwisho alikuwa bado chuo. Akaniuliza, wewe uko huko una intaneti nzuri, hebu nitafutie hiyo kanuni inasemaje. Nikatafuta usiku kucha. Nikapata magazeti, nikapata watu wanabishana, kanuni yenyewe nilikuja kuipata siku ya tatu, ya Kiingereza, kurasa zimepigwa picha upande upande.

Wote tunakumbuka kilichofuata. Mifuko ya pensheni ilikuwa imeunganishwa kwa sheria ya mwaka huo huo 2018, ila kikokotoo chenyewe, yaani hesabu ya kupata pensheni ya mtu, ile 25 na kugawanya kwa 580, kilikaa kwenye kanuni. Sasa sheria inapita bungeni na wabunge wanaijadili mbele ya kamera, kanuni inatungwa wizarani halafu inatoka kwenye Gazeti la Serikali, na wewe unayestaafu unasikia kwa jirani. Walimu wakalia, vyama vya wafanyakazi vikalia, mpaka tarehe 28 Desemba Rais Magufuli akawaita viongozi wa vyama Ikulu akasema warudi kwenye vikokotoo vya zamani mpaka 2023. Mama alishukuru Mungu akapiga magoti. Mimi pia nilishukuru, lakini kuna kitu kilinikaa rohoni mpaka leo, kwamba mtu aliyefundisha miaka 34 hatima ya uzee wake ilisubiri rais aamke vipi asubuhi ile.

Nasema hivi kwa sababu miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimeona kitu tofauti kabisa huku na sikukielewa vizuri mpaka mambo ya mama yalipotokea.

Mimi naendesha lori. Huku Marekani saa za dereva zinahesabiwa na kifaa kimefungwa kwenye injini, ukianza kazi una masaa 14, ndani yake unaendesha 11 tu, basi, ukizidisha unaonekana. Kulikuwa na sharti la kupumzika nusu saa yakitimia masaa nane, na hiyo nusu saa ilibidi uwe umetoka kazini kabisa. Maana yake ni kwamba naweza kukaa godauni masaa mawili nasubiri mzigo ushushwe, mikono imekunjwa, lakini kwa kuwa kwenye kitabu niko kazini ile haihesabiki, naondoka pale nafika mbele ya safari natakiwa kusimama tena nusu saa pembeni na maegesho hamna. Madereva wote tulikuwa tunalalamika redioni na kwenye vituo vya mafuta, kama vile wabongo tunavyolalamika kijiweni.

Agosti 2018 mamlaka ya usalama wa malori, FMCSA, ikatoa tangazo kwamba inafikiria kubadilisha masharti hayo, na inauliza. Haijabadilisha bado, inauliza! Mkenya mmoja wa Eldoret tunayefanya naye kazi ndiye aliyenionyesha, unaingia Regulations.gov, unatafuta namba ya jalada, unaandika. Nikamwambia mimi siyo raia, nina kadi ya kijani tu, akasema haijalishi, andika. Nikaandika aya tatu kwa Kiingereza changu nimekaa kwenye kitanda cha lori, nikaeleza habari ya godauni. Maoni zaidi ya 5,200 yaliingia mzunguko ule. Agosti 2019 wakatoa rasimu yenyewe, wakauliza tena, yakaingia mengine zaidi ya 2,800. Juni 2020 kanuni ikatoka, ikaanza kutumika tarehe 29 Septemba mwaka huo, na ule muda wa kusubiri godauni sasa unahesabika kama mapumziko mradi huendeshi.

Sisemi ni mimi niliyebadilisha, tulikuwa maelfu. Kilichonishangaza ni ule waraka wa mwisho. Kabla ya kufika kwenye kanuni yenyewe kuna kurasa na kurasa wanaeleza, madereva walisema hivi, makampuni yalisema vile, watu wa usalama barabarani walipinga kwa sababu hii, sisi tumekubali hili kwa sababu hii, lile tumelikataa kwa sababu hii. Nilisoma mpaka nikafika penye hoja ya kusubiri mzigo nikasimamisha kusoma. Serikali ilikuwa inanijibu. Mimi mtoto wa mwalimu wa Singida.

Nikaanza kuulizia hii imetoka wapi. Kumbe ni sheria ya 1946, Rais Truman ndiye aliyeisaini, inasema taasisi ya serikali ikitaka kutunga kanuni itangaze kwanza kwenye gazeti lao linaloitwa Federal Register, ambalo linatoka kila siku ya kazi tangu 1936, ipokee maoni, halafu ikitoa kanuni ieleze msingi wake. Mahakama zimekaza hapo, ukipuuza hoja nzito iliyoletwa bila kuijibu mtu anaweza kwenda kortini kanuni ikafutwa. Wahamiaji tunalijua hili vizuri. 2020 serikali ya huku ilitaka ada ya kuomba uraia itoke dola 640 ivuke 1,100, watu wakaenda mahakamani, wakasema pamoja na mambo mengine kwamba wizara haikutoa nafasi wala maelezo ya kutosha, na jaji akaizuia siku chache kabla haijaanza. Mimi na mke wangu tukaomba kwa bei ile ile ya zamani.

Najua kuna watakaosema huyu keshalewa Marekani. Hapana, matatizo ya huku nayaona. Makampuni makubwa yana mawakili wanaoandika maoni ya kurasa 100, dereva anaandika aya tatu akiwa na usingizi. Kuna kanuni zinapitishwa haraka kwa kisingizio cha dharura na huku pia watu wanalalamika. Na 2017 kwenye ile vita ya kanuni za intaneti, kama makampuni ya mtandao yaruhusiwe kubagua tovuti, yaliingia maoni milioni 22 hivi, uchunguzi wa mwanasheria mkuu wa jimbo la New York uliotoka 2021 ukakuta karibu milioni 18 ni feki, mengine yamewekwa majina ya watu wasiojua lolote. Kwa hiyo siyo mbinguni. Ila ukiangalia vizuri hata hapo, maoni hayapigiwi kura, hoja moja nzuri ya mtu mmoja inatakiwa ijibiwe hata kama milioni wameandika kinyume.

Sasa rudi nyumbani. Tozo ya miamala ya simu mmeisahau? Sheria ya fedha ya 2021 iliweka tozo, viwango vikawekwa kwenye kanuni za waziri, tarehe 15 Julai vikaanza, mpaka shilingi 10,000 kwa muamala mmoja. Mimi nilikuwa natuma hela kwa mama kila mwezi, ghafla ya kutolea ikawa kubwa mpaka mama akasema bora nitume kila baada ya miezi miwili. Kelele zikaanza, Septemba ikapunguzwa asilimia 30, mwaka uliofuata ikashushwa mpaka kilele cha 4,000, 2023 tozo ya kutuma ikaondolewa kabisa. Miaka miwili inarekebishwa kitu ambacho wakala wa miamala yeyote pale Kariakoo angewaambia kwa dakika tano, kwamba watu watarudi kubeba hela mkononi.

Na kikokotoo hicho hicho, Julai 2022 ikaja 33, kelele tena, bajeti ya 2024 ikapanda kuwa 40 kwa wale waliokuwa wanapata 50 zamani na 35 kwa wale wa 25. Kutoka 2018 mpaka 2024 ni miaka sita. Halafu mtu ananiambia kuweka rasimu wazi siku 60 kutachelewesha kazi ya serikali!

Kwa hiyo siwezi kusema serikali yetu haisikii, inasikia, imerudi nyuma mara nyingi kuliko watu wanavyokiri. Shida ni kwamba inasikia baada ya watu kuumia, na inasikia kelele. Sasa kelele wanazo wenye simu, wenye vyama, wa mjini. Mkulima wa mbaazi akiwekewa kanuni mbaya kelele yake haifiki.

Na siyo kwamba hatujui kufanya. Nauli za mabasi zikitaka kupanda LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inaita watu kutoa maoni, bei ya maji ikitaka kupanda EWURA, mamlaka ya maji na nishati, inafanya mkutano watu wanasimama wanasema, mwenye bomba kavu anasema. Mbona kwenye nauli tunaweza? Kwa nini pensheni ya mwalimu, leseni ya bodaboda, masharti ya kusafirisha mazao, yote haya yapite kimya? Wakati mwingine utaambiwa wadau walishirikishwa. Neno hilo wadau linanikera sana, maana ukiuliza ni nani unaambiwa walialikwa ukumbini Dodoma, watu 40, wakapewa rasimu asubuhi wakatoa maoni mchana. Mama yangu amefundisha miaka 34 hajawahi kuwa mdau hata siku moja.

Katiba yetu ibara ya 21 inasema kila raia ana haki ya kushiriki katika kufikia uamuzi wa mambo yanayomhusu. Wakenya wameenda mbele zaidi, wana sheria ya 2013 inayosema mtunga kanuni ashauriane na wanaoguswa kabla, apeleke bungeni ndani ya siku saba za vikao, asipopeleka kanuni inakufa. Sisi pia kanuni zinapelekwa bungeni na kuna kamati ya sheria ndogo, lakini zinapofika huko zimeshatangazwa, zimeshaanza kumkata mtu hela.

Ninachoomba siyo kikubwa. Rasimu ya kila kanuni iwekwe sehemu moja inayojulikana, siyo kila wizara na tovuti yake, kwa Kiswahili, maana tangu 2021 sheria inasema lugha ya sheria zetu ni Kiswahili na kanuni bado nyingi zinatoka Kiingereza. Siku 60. Maoni yapokelewe kwa simu ya kitochi na kwa karatasi kwa mtendaji wa kata, siyo intaneti peke yake. Na mtu asilazimishwe kutaja jina, hili nalisisitiza, tunajua watu wanavyoogopa, huku pia unaweza kuandika bila jina. Kukiwa na dharura ya kweli, kipindupindu, mafuriko, waziri atunge leo ila aandike kwa nini hakuuliza. Mwisho wa yote kanuni ikitoka itoke na majibu. Bila majibu hiyo ni boksi la maoni la hospitali, lina kufuli na hakuna anayejua funguo iko wapi.

Mama kipindi kile cha 2018 aliandika. Alichukua daftari la mazoezi la wanafunzi akaandika kurasa nne kwa mwandiko ule wa ubaoni, mfano wa mwalimu wa daraja lake, atapata kiasi gani kwa 50, kiasi gani kwa 25, inflesheni itakula vipi hela ya kila mwezi, na akapendekeza njia ya katikati ya kwenda polepole kwa wale walio karibu kustaafu. Mwalimu wa darasa la nne huyo. Akaniuliza nilipeleke wapi, sikuwa na jibu, nikamwambia nipige picha nitakuwekea Facebook.

Juzi nilikuwa namsimulia habari za lile jalada la malori, akauliza, kwa hiyo ukiandika huko wanakujibu kwa jina lako? Nikamwambia hapana mama, jina hawana shida nalo, wanajibu hoja. Akakaa kimya kidogo. Akasema, hoja nilikuwa nayo.