Ziwa lisilo na mlango: nani amemvamia mwenzake?

Ukisimama ukingoni mwa Ziwa Naivasha utaiona migunga iliyokufa wima, magome yamebanduka, ndege wamepanga foleni matawini. Migunga ile haikuota majini. Ilichipuka pakiwa pakavu, ikakua miaka na miaka hadi ikawa miti ya watu kupumzika kivulini, ndipo maji yakaja yakaikosesha mizizi hewa. Katika ugomvi uliopo sasa kuhusu mafuriko ya maziwa ya Bonde la Ufa, kila upande ungeweza kuuita mti huo shahidi wake. Unaonyesha kwamba pale palikuwa pakavu muda wa kutosha mtu kujenga na kulea watoto. Unaonyesha vilevile kwamba pale ni pa ziwa.

Tangu mwaka 2010 hivi, Turkana, Baringo, Bogoria, Nakuru, Elementaita na Naivasha yamekuwa yakipanda, yakipumzika kidogo, kisha yakipanda tena. Ripoti ya serikali ya Kenya ya 2021 ilikadiria walioathirika kuwa karibu watu 400,000. Mtaa wa Kihoto mjini Naivasha ulifurika 2020, ukafurika tena 2025. Wapangaji, wengi wao vibarua wa mashamba ya maua, walitolewa kwa mashua, na vyoo vya shimo vikafumuka na kuchanganyika na maji yaleyale yaliyojaa vyumbani.

Cha kuelewa kwanza ni kwamba maziwa haya hayana mto unaotoka. Ziwa Victoria likijaa, humwaga Nile. Nakuru likijaa halina pa kumwaga, maji yake yanangoja jua tu. (Naivasha na Baringo yana upenyo chini ya ardhi, ndiyo maana maji yake si ya magadi.) Ziwa la namna hii likiongezewa maji hujitandaza, mpaka uso wake uwe mpana kiasi cha jua kuweza kukausha ile ziada. Kwa hiyo mvua haihitaji kuwa ya gharika. Ikizidi kidogo tu, mwaka baada ya mwaka, inatosha, na pale ambapo ufuo ni tambarare, kama kusini mwa Baringo, maji yakipanda kimo cha mtoto yanameza malisho ya kijiji kizima.

Wapo wanaosema chanzo ni ardhi kutikisika huko chini. Hoja hiyo inanishinda kuikubali, kwa sababu Victoria, ambalo haliko ndani ya Bonde la Ufa, nalo lilivunja rekodi yake Mei 2020. Miamba iliyopasuka Bogoria haiwezi kujaza maji Kisumu, mvua inaweza. Wanaotaja ukataji wa misitu ya Mau na udongo unaosombwa na mito wana hoja nzito zaidi: nchi iliyo uchi huachia maji haraka, na tope huinua sakafu ya ziwa. Lakini tope peke yake haliinui ziwa mita kadhaa kwa miaka kumi. Na tusijifanye wajuzi sana. Mwaka 2009 kelele zilikuwa kwamba wakulima wa maua wanainywa Naivasha hadi tone la mwisho, na bwawa la Gibe III la Ethiopia lilipokuwa likijengwa kwenye Omo, mto unaolilisha Turkana, hofu kubwa ilikuwa Turkana kukauka.

Sasa twende kwenye lawama. Upande mmoja unasema watu wamevamia ziwa, basi wahame: mwenye nguvu mpishe. Kwa Naivasha, upande huu una karatasi mkononi. Mkataba wa 1933 kati ya serikali ya kikoloni na wenye mashamba ya kando ya ziwa uliweka mpaka kwenye mwinuko wa futi 6,210. Chini ya hapo mtu alime akipenda, asijenge jengo la kudumu. Mpaka huo haukutungwa na mganga. Watu wa wakati ule walikuwa wameliona ziwa likiwa juu.

Upande wa pili unauliza: kama mpaka ulijulikana, ploti zilipimwa na nani? Nguzo za stima zilifikaje? Aliyenunua ploti ya futi 50 kwa 100 kwa akiba ya miaka kumi hakuwa na kipimo cha mwinuko mfukoni. Alikuwa na muhuri wa ofisi. Mimi naona hapo serikali haiwezi kujificha nyuma ya tabianchi. Mvua hatukuiita, lakini ramani tulizichora wenyewe.

Hata hivyo, ninachokihofia ni kesi ya Naivasha kugeuzwa kipimo cha maziwa yote. Nenda Baringo. Jamii ya Wailchamus inaishi kusini mwa ziwa lile tangu kabla ya mtu yeyote kuandika hati. Misafara ya pwani ya karne ya 19 ilipita kwao Njemps kununua nafaka iliyomwagiliwa kwa mifereji. Leo mamba na viboko wako palipokuwa na maboma, na shule na zahanati zilizozama zilijengwa kwa fedha za umma, kwa hiyo neno "uvamizi" halina pa kukaa. Sehemu kubwa ya nchi ile ni ardhi ya jamii. Fidia ikilipwa kwa kuangalia hatimiliki, mwenye nyumba za kupangisha Kihoto atakuwa na cha kuonyesha, mpangaji wake hatakuwa nacho, na mchungaji wa kijiji cha Ng'ambo, kule Baringo, ataambiwa hakupoteza kitu.

Kuhama nako si kupanda kilima tu. Malisho ya juu yana wenyewe, na Baringo ni kaunti yenye historia ndefu ya wizi wa mifugo na bunduki. Anayemwambia Mwilchamus "sogea" amtajie pia anasogea kwa nani, na nani atakuwa amemwomba huyo nafasi.

Naivasha kazi ni nyepesi kidogo: kuurudisha ule mstari wa futi 6,210 ardhini, kwa vigingi vya saruji ambavyo mnunuzi wa ploti ataviona kwa macho yake. Vingewekwa sasa, maji yakiwa bado yanaonyesha yalipofika. Ziwa litashuka, kama lilivyoshuka zamani, na madalali wa ploti hawatangoja tope likauke.